Jina Pembeni mwa Kibao

Mwaka 1870 ulimkuta David Livingstone amekwama Kabambare, mji ambao katika maandishi yake aliuita Bambarre. Miguu ilikuwa na vidonda visivyopona, karatasi zilikuwa zimemwishia, na wino nao haukuwapo. Alichobakiwa nacho ni magazeti makuukuu kutoka London. Basi akawa anaandika juu ya gazeti lenyewe, mwandiko wake ukikata mistari ya chapa, na wino akautengeneza kwa mbegu za mmea ambao wafanyabiashara wa pale waliuita zingifuri. Shajara yake inaeleza kwamba Wamanyema walitumia mmea huohuo kutia rangi viramba, yaani nguo za nyuzi za mwale, na kujipamba uso na kichwa. Wino ule ulififia hata kurasa zikawa hazisomeki. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2011, baada ya wataalamu kuzipiga picha kwa miale ya namna mbalimbali, ndipo maneno yakaonekana tena.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama sifa ya msafiri mvumilivu. Lakini ndani yake yumo mtu mwingine: yule wa Kabambare aliyejua mbegu zipi zichumwe, zipondwe vipi, kiramba kilowekwe muda gani hadi wekundu ushike. Alikuwa na malighafi, alikuwa na ujuzi, alikuwa na wateja. Alikuwa mbunifu kamili. Jina lake halikuandikwa popote, na rangi yake ikabaki kuitwa wino wa Livingstone.

Hapo ndipo penye kidonda cha kazi ya ubunifu kusini mwa mkoa wa Maniema, nchini Kongo, hadi leo. Kasongo na Kabambare hazijawahi kupungukiwa na mikono. Kuna wachora vibao, washonaji, wachonga vitanda na milango, wadarizi wa kofia na kanzu, na sasa vijana wanaotengeneza matangazo kwa simu. Kinachopungua ni vitu viwili vinavyoonekana vidogo: jina juu ya kazi, na bei ya wazo. Kijana anayeanza huambiwa atafute kwanza rangi nzuri, kompyuta, mashine ya kudarizi. Ushauri huo si mbaya, ila umeanzia mwisho.

Ushahidi uko karibu. Ukivuka mpaka wa mkoa kuelekea kusini, katika nchi ya Waluba na Wahemba, kuna kijiji kinachoitwa Buli. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Ubelgiji, Frans Olbrechts, alilinganisha viti vya machifu na sanamu zilizokuwa zimepelekwa Ulaya, akaona kwamba baadhi yake zina uso mmoja: mrefu, mashavu yamebonyea, macho mazito kama ya mtu aliyefiwa, na viganja vikubwa kupita kiasi vinavyoshika kiti juu ya kichwa. Ni mkono mmoja, au karakana moja. Kwa kuwa jina halikujulikana, mchongaji akapewa jina la kijiji, akaitwa Fundi wa Buli. Miaka mingi baadaye ndipo likapatikana, katika kijiji cha Kateba, jina la Ngongo ya Chintu, ambalo hufasiriwa kuwa chui mkuu, baba wa vitu vya kuchongwa. Kazi zinazohesabiwa kuwa za mkono huo ni kama 20 tu, zimetawanyika London, New York na kwingineko. Kiti kimoja kiliuzwa Paris mwaka 2010 kwa zaidi ya euro milioni 5.

Tazama jina lile lilivyo. Mtu haitwi baba wa vitu vya kuchongwa na watu wasiomjua. Kwao alijulikana, tena alisifiwa. Jina lilipotea njiani, kiti kilipopakiwa na kuondoka. Ndivyo ilivyozikuta pia sanamu za mababu za Wabuyu wa pande za Kabambare na Fizi: zimefika makumbusho ya Ulaya zikiwa na majina ya makabila, na ya wachongaji hayamo.

Fundi wa Kasongo leo naye ana jibu lake tayari: nitie jina la nini, hapa kila mtu ananijua. Ni kweli, hapa. Lakini kibao chake kinapigwa picha na mfanyabiashara aliyepita, picha inaingia WhatsApp, inafika Kindu, Uvira, Kigoma, na Buyenzi kule Bujumbura ambako wajukuu wa Wamanyema wamejaa. Mtu wa Salamabila anaiona, naye anataka kibao kama kile mbele ya duka lake la kununulia dhahabu. Anauliza ni cha nani. Anajibiwa kwa jina la mwenye duka.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, maana wengi hudhani ni kupaka rangi tu. Bamba la chuma, mara nyingi la pipa la mafuta lililopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, linasuguliwa kwa mchanga hadi kutu itoke. Linapakwa rangi ya kwanza, linaanikwa. Kisha inakuja kamba iliyopakwa chaki: inavutwa huku na huku, inabanwa, inaachiliwa ghafla kama uzi wa gitaa, na mstari mweupe unabaki juu ya chuma. Hapo fundi wa haraka na fundi wa kweli wanaachana. Wa haraka anaanza kushoto kwa herufi nene za kujiamini, na akifika kulia anakuta nafasi imekwisha. Ndiyo maana vibao vingi vya washonaji vina neno COUTURE ambalo R na E zimebanana mwishoni kama abiria wa nyuma juu ya pikipiki. Wa kweli anahesabu herufi kwanza. Anatafuta katikati ya bamba, anatoka hapo kwenda pembeni, akijua kwamba I haili nafasi na M inakula ya wawili.

Anajua zaidi ya hayo. Anajua kwamba njano juu ya nyeupe inafutika machoni jua la saa saba linapowaka, na kwamba mtu aliye juu ya pikipiki hapati muda wa kusoma zaidi ya maneno mawili matatu. Akichora ukutani anaacha chini mkanda wa rangi nzito, kwa sababu mvua ikipiga, udongo mwekundu unaruka, na maandishi yaliyoteremka mno yanamezwa na matope kabla msimu haujaisha. Hakuna shule iliyomfundisha haya. Ameyapata kwa kutazama kazi yake mwenyewe inavyozeeka.

Na hesabu hiyo yote ndiyo isiyolipwa. Mteja anahesabu kopo la rangi. “Fundi, si ni maandiko kidogo tu? Utanipunguziako.” Fundi anapunguza, kwa sababu hata yeye alipotaja bei alihesabu kopo. Siku mbili za kusugua, kupima na kungoja rangi ikauke hakuzihesabu. Akili ya kupanga herufi hakuihesabu kabisa. Kisha rangi ikishakauka, mteja anakumbuka kwamba alitaka pia picha ya mkasi, na nambari ya pili ya simu, na jina la mtoto wake wa kwanza.

Dawa yake haihitaji mtaji. Kabla chaki haijagusa bamba, fundi achore vielelezo viwili kwenye karatasi ya daftari la shule, mteja achague kimoja, aweke sahihi yake chini. Bei itajwe kwa mafungu yanayoonekana: vifaa, siku za kazi, na mchoro wenyewe. Nusu ilipwe mwanzoni, maana rangi hainunuliwi kwa ahadi. Marekebisho ya kwenye karatasi yawe bure. Ya kwenye chuma yalipiwe. Wapo watakaoona ni majivuno. Lakini mwenye duka huyohuyo hampi mtu mfuko wa saruji kabla ya kuona fedha, na hakuna anayemwita mwenye majivuno.

Bei ya wazo inaanzia kwenye wazo lenyewe, na hapo kuna mfano mmoja ambao kila mchora vibao wa Kongo angepaswa kuujua. Mwaka 1972 kijana kutoka Kinto M'Vuila, katika Kongo ya chini, aliacha shule akaenda Kinshasa kujifunza kuchora vibao vya matangazo. Mwaka 1975 akafungua karakana yake. Aliona jambo lililomkera: watu wanaitupia picha jicho na kupita. Kibao je? Kibao kinawasimamisha, kwa sababu kina maneno. Akaanza kuandika maneno ndani ya picha zake, ili anayepita alazimike kusimama na kusoma, na akishasoma aitazame picha tena. Kijana huyo ni Chéri Samba. Mwaka 1989 kazi zake zilikuwa Paris, kwenye maonyesho makubwa ya Magiciens de la Terre, na leo jina lake linajulikana kila panapozungumzwa sanaa ya Afrika. Hakuuacha ujuzi wa vibao ili awe msanii. Aliuchukua akaenda nao.

Aliye karibu zaidi na Maniema, kwa lugha na kwa hali, ni Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi. Alizaliwa mwaka 1947, alijifunza mwenyewe, na alikuwa akichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga na kuuza kazi zake kwa bei ndogo. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mtaalamu Johannes Fabian historia nzima ya nchi katika michoro 101, na kila mchoro akaueleza kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki cha mashariki na kusini mwa Kongo. Alijiita mwanahistoria, wala hakuomba radhi kwa hilo. Baada ya 1981 hakuna aliyejua tena alikokwenda. Lakini michoro ile inasomwa leo vyuo vikuu, na inasomwa kwa jina lake, kwa sababu mbili: aliitia sahihi, na maelezo yake yakahifadhiwa. Gunia la unga halikumzuia. Linganisha na yule wa zingifuri.

Wazee watasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo imewaumiza mafundi wengi. Ilitungwa kwa soko ambalo muuzaji amekaa nyuma ya bidhaa yake na mnunuzi anamwona usoni. Mchora vibao hakai chini ya kibao chake. Akishalipwa ameondoka, na kuanzia hapo kazi inajiuza kwa faida ya mtu mwingine. Hata kanga, nguo inayosema kuliko zote, imebeba jina la mfanyabiashara: tangu mwaka 1887, Kaderdina Hajee Essak alipoanza biashara yake Mombasa, akina mama wa pwani wanaijua chapa yake ya Mali ya Abdulla. Waliochora yale maua na korosho hawatajwi.

Ubaya wa kukosa jina hauishii kwenye sifa. Mei 2017, Tanzania nzima ilisikia habari za mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyekutwa Buguruni, Dar es Salaam, mgonjwa na maskini. Alikuwa akisema miaka yote kwamba ni yeye aliyechora nembo ya taifa, ile ya Uhuru na Umoja. Mwezi huohuo akafariki. Madai ya mchoraji mwingine nayo yakajitokeza, na mjadala ukabaki bila karatasi ya kuumaliza. Hapa si pa kuamua nani mkweli. Kinachouma ni kwamba alama iliyo kwenye kila ofisi ya serikali na kila pasipoti iliweza kufikisha zaidi ya nusu karne bila watu kuwa na hakika ya mkono ulioichora. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari basi. Kila kazi ipigwe picha siku inapokamilika, kabla vumbi halijaiangukia, na iandikwe: tarehe, mahali, mteja, bei. Kongo ina sheria ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986, na Katiba ya 2006, katika ibara ya 46, inataja uhuru wa ubunifu na ulinzi wa haki za mtunzi. Ni kweli kwamba kutoka Kabambare hadi mahakama yenye muda wa kusikiliza kesi ya mchoro ni mbali, na barabara yenyewe kila mtu anaijua. Lakini mtu akichukua mchoro wa fundi na kuuchapisha kwenye fulana mia, picha yenye tarehe na karatasi yenye sahihi zinatosha kuzungumza naye mbele ya chifu au mbele ya wazee wa soko, na huko ndiko mambo mengi yanakomalizikia.

Kuna nafasi nyingine ambayo mafundi wa kusini mwa Maniema wameiacha wazi, nayo ni lugha. Ibara ya kwanza ya Katiba hiyohiyo inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Kasongo na Kabambare, soko lote linasema Kiswahili. Hata hivyo vibao vinaandikwa Kifaransa, mara nyingi chenye makosa ambayo fundi amenakili kutoka kibao cha jirani. Kifaransa hakina kosa. Ofisi zina sababu ya kukitumia. Lakini tangazo la chanjo, la maji safi au la siku ya kliniki linamlenga mama aliyetoka shamba na mtoto mgongoni. Anayelibuni akiwa Kinshasa au Goma hajui kwamba mama huyo anaita nguo kikwembe na fedha feza. Kijana wa Kasongo anajua. Mashirika yanayoleta mabango yaliyokwisha kuchapwa yangefanya vizuri kuagiza mchoro hapahapa, na vijana wangefanya vizuri kwenda kubisha hodi na vielelezo mkononi, bila kungoja kuitwa.

Vijana wa simu wana mtihani wao. Programu za bure zinawapa maua, taji na mwanga wa dhahabu, na tangazo la harusi likitengenezwa kwa haraka halitofautiani na la msiba. Anayetaka kuheshimiwa kwa kazi hii aanze kwa kupunguza. Halafu ajifunze mambo mawili matatu ya uchapaji, kwa sababu mashine kubwa ziko Kindu, Bukavu au Lubumbashi, na makosa yanarudi yakiwa yamekwisha kulipiwa: picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa na kupoteza ukali, hivyo itumwe kama hati, nayo rangi inayong'aa kwenye kioo cha simu hupoa ikifika kwenye karatasi. Ukubwa wa maandishi nao una uzito: katika uchaguzi wa 20 Desemba 2023 wapiga kura walichagua kwenye mashine kwa kutafuta picha na nambari ya mgombea. Bango ambalo nambari yake ilikuwa ndogo kuliko maneno ya kumsifu mgombea halikumsaidia aliyelilipia.

Washonaji nao, ambao ndio wengi kuliko wote, wanayo kalenda inayojulikana: Septemba ni sare za shule, buluu na nyeupe, kuelekea Machi 8 ni vikwembe vya Siku ya Wanawake, na taa za sola zinawaka hadi usiku. Ukutani wamebandika mabango ya mitindo kutoka Afrika Magharibi, na mteja ananyoosha kidole: hii. Kunakili ni shule nzuri kwa anayeanza. Lakini anayeshona vikwembe 30 vya Machi 8 vyote kwa mtindo wa bango anaweza kushona cha 31 kwa mtindo wake, akamvisha dada yake siku ya maandamano, akasikiliza watu wanavyouliza. Na ndani ya shingo ya kila nguo kuna mahali pa kitambaa kidogo chenye jina, upana wa vidole viwili, kisichomgharimu zaidi ya mabaki yaliyo chini ya cherehani.

Mchora vibao naye ana mahali pake. Kona ya chini kulia aache nafasi ya kiganja kimoja wakati wa kugawa bamba, aipime kwa chaki kama anavyopima maneno ya mteja, na aiseme mapema kwenye mapatano ili asionekane ameiba sehemu ya kibao. Herufi ziwe ndogo ila zisomeke kwa hatua tatu. Jina, mji, nambari ya simu. Nambari ikibadilika, atarudi na burashi nyembamba kuipaka upya. Na akiwa pale atatazama rangi imekula wapi, atamsalimu mwenye duka, na huenda akaondoka na kazi ya kupaka ukuta mzima.